Chai, Chai, Chapati: Majibu kwa Wanaoikataa Roki ya Hesabu

Jina lenyewe lilianza kama kejeli. Matt Sweeney, mpiga gitaa wa bendi ya Chavez ya New York, amewahi kusimulia habari za rafiki yao mmoja aliyekuwa akiitazama bendi yake ya awali, Wider. Wimbo mzima jamaa hatikisi hata kichwa, kisha anatoa kikokotoo ili apige hesabu kama ulikuwa mzuri. Ndiye aliyeuita muziki huo math rock, yaani roki ya hesabu, na Sweeney hakuficha kwamba lilikuwa tusi. Tusi likazoeleka, likawa jina la aina nzima ya muziki, na madai yakalifuata nyuma. Mengi yanatoka kwa watu waliosikiliza nusu wimbo wakazima. Machache yana ukweli ndani yake, na hayo nitayakubali tukiyafikia.

Neno moja litarudi mara nyingi hapa: rifu. Ni kile kipande kifupi cha gitaa au besi kinachorudiwa mpaka kinakuwa ndiyo sura ya wimbo. Katika roki iliyozoeleka mapigo manne huwekwa kwanza, halafu rifu inapunguzwa au kurefushwa ili ienee humo. Ni kama shati la dukani: mwili ndio unaolifuata shati. Roki ya hesabu inakwenda kwa fundi cherehani. Rifu inapimwa ilivyo, ikitoka na mapigo saba ni saba, ikitoka kumi na moja ni kumi na moja, na dramu inashonwa kuifuata. Karibu kila dai nitakalolijibu linatokana na kutolijua hilo.

"Bila kuhesabu huwezi kuuelewa."

Hili ndilo dai linalosikika zaidi, na ndilo dhaifu kuliko yote. Hesabu iliyomo humu haizidi ya darasa la pili: mbili, tatu, na namna ya kuziunganisha. Sikio halihesabu saba, hugawa. Saba ikifika sikioni inakuwa mbili-mbili-tatu, au tatu-mbili-mbili, au mbili-tatu-mbili, na kila mgawo una mwendo wake.

Jaribu mezani sasa hivi. Sema "chai, chai, chapati" mfululizo bila kupumzika, silabi zote ziwe na urefu sawa, huku ukigonga meza kwenye silabi ya kwanza ya kila neno. Cha-i, cha-i, cha-pa-ti, cha-i, cha-i, cha-pa-ti. Ulimi utakupinga kidogo, maana Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho na mkono utataka kudondokea kwenye "pa". Usiukubalie. Baada ya mizunguko kadhaa mkono unashika wenyewe, na hapo utakuwa unapiga saba bila kuhesabu hata moja. Sasa badilisha: "chapati, chapati, chai, chai". Silabi kumi. Hiyo ndiyo besi ya Mission: Impossible, aliyoitunga Lalo Schifrin mwaka 1966, na watoto wanaiimba kwa mdomo wakinyatiana uani. Hakuna aliyewaambia kwanza kwamba kila kipimo, yaani mzunguko mmoja kama huo, kina mapigo matano, silabi mbili kwa kila pigo.

Ukitaka ushahidi kutoka ndani ya roki ya hesabu yenyewe, chukua Slint wa Louisville, Kentucky. Waliirekodi Spiderland mwaka 1990 wakiwa vijana wa miaka ishirini na kidogo, na kampuni ya Touch and Go ikaitoa 1991. Ni albamu ambayo karibu kila bendi ya aina hii inadaiwa kitu nayo. Sikiliza Good Morning, Captain. Rifu inarudi na kurudi, sauti ya mwimbaji ni ya kusimulia zaidi kuliko kuimba, magitaa yanajizuia kwa dakika nyingi, halafu mwishoni yote yanapasuka. Kinachokushika ni muda ambao rifu inakataa kukupa kile unachokisubiri. Anayehesabu atajua kilitokea kwenye kipimo cha ngapi, lakini hatashtuka zaidi ya asiyehesabu. Nina shaka hata atashtuka sawa naye.

"Ni muziki wa namba witiri tu."

Dai hili wanalo hata mashabiki, kwa hiyo linahitaji nafasi.

Hey Ya! ya OutKast, iliyotoka 2003, inajengwa na vipimo vitatu vya mapigo manne, kimoja cha mapigo mawili, kisha viwili vya manne. Jumla 22, halafu mzunguko unaanza upya. Imechezwa kwenye harusi zisizo na idadi na hakuna aliyeiita roki ya hesabu. Money ya Pink Floyd, 1973, inatembea kwa saba. Take Five, ambayo Paul Desmond aliitunga kwa ajili ya kundi la Dave Brubeck mwaka 1959, inatembea kwa tano. Namba witiri peke yake, basi, haitoshi.

Wala si lazima iwepo. Atlas ya Battles, kutoka albamu yao Mirrored ya 2007, ni mapigo manne safi kila moja likigawanywa tatu, na John Stanier anaikanyaga dramu kama gwaride. Ni kati ya nyimbo zinazojulikana zaidi katika aina hii yote. Kinachoifanya iwe humo ni jinsi vipande vifupi vya gitaa, kinanda na sauti iliyochakachuliwa vinavyopachikwa juu ya pigo lile lile, kila kimoja kikiwa na urefu wake.

Namna ya kawaida zaidi ya kufanya hivyo inaonekana vizuri ikiwekwa kwenye karatasi. Mwache mpiga dramu apige vipimo vya mapigo manne bila kuyumba. Mpe mpiga gitaa rifu ya mapigo saba. Wanaanza pamoja, pigo la kwanza. Rifu ikimaliza na kuanza tena, dramu iko kwenye pigo la nne la kipimo cha pili. Mara ya tatu rifu inaanza kwenye pigo la tatu la kipimo cha nne. Mara ya nne, pigo la pili la kipimo cha sita. Mara ya tano wanakutana tena kwenye pigo la kwanza, mapigo 28 yakiwa yamepita: rifu nne kwa vipimo saba. Kila mzunguko rifu imerudi nyuma hatua moja. Noti hazijabadilika hata moja, dramu haijabadilika, lakini kila mara rifu inasikika kama nyingine kwa sababu mkazo umeangukia mahali pengine. Mpiga gitaa amepata rifu nne kwa gharama ya moja.

Njia nyingine ni kinyume cha hiyo: dramu ndiyo inayohama na gitaa linabaki palepale. Ya tatu ni kuacha pengo, pigo moja la ukimya pale ambapo mguu wako umeshajiandaa kutua. Bendi nzuri zinatumia zote tatu ndani ya wimbo mmoja na hazikutangazii.

"Wanakosea, halafu wanauita mtindo."

Kosa halijirudii mahali pale pale mara nne. Hicho ndicho kipimo rahisi kuliko vyote: ukisikia pigo limerukwa, subiri rifu izunguke. Likirukwa tena hapo hapo, ujue wamekusudia.

Mfano mzuri zaidi ni wa kabla jina hili halijakuwepo. Mwaka 1981 King Crimson walitoa Discipline, na ndani yake kuna Frame by Frame. Magitaa mawili yanakwenda sambamba kwa mizunguko ya noti 14, yaani saba mara mbili, kisha moja linadondosha noti moja na kubaki na 13. Linaanza kulitangulia lenzake, noti moja kila mzunguko. Mwanzoni linasikika kama mwangwi, baadaye kama magombano. Kwa hesabu, mzunguko kamili wa 13 na 14 huchukua noti 182. Anayesema hao wamekosea ajaribu yeye kushikilia 13 huku mwenzake anapiga 14 sikioni.

Don Caballero wa Pittsburgh wanalijibu dai hilo kwa njia nyingine. Kwao mpiga dramu, Damon Che, ndiye mwenye kuongoza, na magitaa yanamfuata. Kwenye American Don, iliyorekodiwa na Steve Albini na kutoka mwaka 2000, mpiga gitaa Ian Williams anajirekodi palepale kwa mashine ya lupu na kupanga kipande juu ya kipande. Watu hudhani mashine inarahisisha kazi. Lupu ikishawashwa haimsubiri mtu. Haiongezi mwendo jukwaa likipata moto, haipungui mpiga dramu akichoka. Yeyote anayeteleza anasikika papo hapo, na hana pa kujificha. Williams ndiye aliyekwenda kuwa mmoja wa waanzilishi wa Battles, na ile Atlas niliyoitaja ilitokana na mazoea hayo hayo.

"Hauchezeki."

Kule Bulgaria wanacheza rachenitsa kwenye harusi, wazee kwa watoto, na rachenitsa ni mbili-mbili-tatu. Chai, chai, chapati, kwa kasi. Wana na kopanitsa, ya kumi na moja. Mguu haujui witiri wala shufwa, unajua ulichozoeshwa tangu utotoni.

Foals wa Oxford walijulikana kwanza kwa kupiga kwenye sherehe za nyumbani, watu wamebanana sebuleni, na albamu yao ya kwanza, Antidotes ya 2008, ina magitaa ya roki ya hesabu juu ya dramu ya disko. Wenzao wa mji huo huo, This Town Needs Guns, wana wimbo unaoitwa 26 Is Dancier Than 4, na jina hilo ni jibu tosha kwa dai hili. Ila Hella, wale wawili wa Sacramento waliotoa Hold Your Horse Is mwaka 2002, hao hawachezeki. Zach Hill anapiga dramu kana kwamba zimemkosea adabu, na anayesema anacheza pale anajisumbua bure. Hapo nakubali.

"Hakuna melodi, ni mazoezi ya vidole."

Hapa ukweli upo nusu kwa nusu, na nusu ya uongo ndiyo inayonivutia.

American Football waliundwa na wanafunzi wa chuo kikuu huko Urbana-Champaign, Illinois. Walitoa albamu moja mwaka 1999, wakaachana. Wimbo wa kwanza, Never Meant, una rifu ambayo vijana wanaojifunza gitaa wanaitafuta hadi leo, na wengi wanakwama dakika ya kwanza kwa sababu gitaa lao limetuniwa kawaida. Kawaida, kuanzia uzi mnene kwenda mwembamba, ni E A D G B E. Never Meant inapigwa kwa F A C G C E.

Tofauti yake unaisikia kabla hujabonyeza chochote. Kwenye gitaa la kawaida, ukipitisha mkono juu ya nyuzi zote sita wazi unapata kelele isiyo na maana sana. Kwa F A C G C E unapata kordi nzima ya F yenye saba na tisa ndani yake, kordi laini inayoning'inia bila kutua. Kwa hiyo mkono wa kushoto hauna tena kazi ya kushika kordi. Vidole viko huru kutembeza melodi kwenye uzi mmoja au miwili huku nyuzi nyingine zikilia wazi pembeni. Ndiyo maana rifu zao zinasikika kama watu watatu wanapiga. Vidole vinakwenda kwa wingi, ndiyo, lakini vinaitumikia melodi ambayo ungeweza kuiimba bafuni. Mpiga dramu wao, Steve Lamos, ndiye pia mpiga tarumbeta, na tarumbeta yake haina haraka hata kidogo.

Yvette Young wa bendi ya Covet, kutoka California, alifika hapo kwa mlango mwingine. Alianza piano akiwa na miaka minne na fidla akiwa na saba, na gitaa likaja baadaye. Anagonga nyuzi kwa mikono yote miwili kwenye shingo la gitaa, wa kushoto ukishughulika na besi na wa kulia na melodi. Mtu wa gitaa akimtazama anaona maonyesho. Mtu wa piano anaona mikono miwili ikifanya kazi yake ya kila siku. Na tricot, bendi iliyoanzishwa na wasichana watatu mjini Kyoto mwaka 2010, wana mwimbaji, Ikkyu Nakajima, ambaye melodi zake zingeweza kupigwa redioni saa sita mchana, huku chini yake vipimo vinakatika kila mahali.

Sasa nusu ya ukweli. Zipo bendi, na katika miaka kumi iliyopita zimeongezeka, ambazo rifu zao zimetungwa zirekodiwe kwa kamera ya simu. Sekunde 40 za vidole, basi. Sitetei hizo. Njia yangu ya kuzichuja ni mdomo: nikisikiliza mara tatu na nikawa siwezi kuimba kipande chochote, natafuta kitu kingine.

"Haya ni mambo ya Wazungu."

Tokyo ingeshangaa kusikia hivyo. Toe, walioanza mwaka 2000, wamefanya roki ya hesabu kuwa kitu cha upole, na dramu za Kashikura Takashi pekee zinatosha kumfanya mtu asikilize albamu nzima.

Lakini wanaosema hivi huku kwetu wanamaanisha kitu kingine: kwamba sisi tuna ngoma zetu na haya hayatuhusu. Uhusiano upo, na unaweza kufuatiliwa. Mwaka 1970 mtunzi wa Marekani Steve Reich alikwenda Ghana kujifunza ngoma za Waewe. Hata kabla ya safari alikuwa ameshasoma kitabu cha A. M. Jones kuhusu muziki wa Afrika kilichotoka 1959. Aliporudi alitunga Drumming, na mwaka 1972 Clapping Music, ambamo watu wawili wanapiga makofi ya mtindo mmoja wenye mapigo 12, mmoja akisogea pigo moja mbele kila baada ya muda mpaka wanakutana tena. Wanamuziki wa American Football wamemtaja Reich kama mtu waliyemsikiliza sana. Foals nao waliwaalika wapuliza ala wa Antibalas, bendi ya afrobeat ya New York, kwenye Antidotes.

Karibu zaidi na nyumbani iko amadinda ya Buganda, ile marimba ya magogo 12 yanayolazwa juu ya migomba. Wapigaji wawili wanakaa wakitazamana, kila mmoja akipiga katikati ya noti za mwenzake, na wa tatu anashika magogo mawili ya mwisho. Gerhard Kubik, aliyejifunza Kampala kwa Evaristo Muyinda, aliandika miaka ya 1960 jinsi msikilizaji anavyosikia melodi ambayo hakuna hata mmoja wa wapigaji anayeipiga. Inatokea kati yao. Yeyote aliyesikia mi-solo na solo za magitaa ya Kikongo zikifumana kwenye sebene anaijua hali hiyo. Magitaa mawili ya roki ya hesabu yanatafuta kitu hicho hicho.

Hapa ndipo wengine wanarukia dai la upande wa pili: kwamba basi yote yameibwa Afrika. Nalo halisimami. Katika amadinda na katika sebene mzunguko hauvunjwi, ndiyo siri ya utamu wake. Urefu uleule unarudi dakika kumi, ishirini, na kila mtu anaweza kuingia na kutoka kwa sababu anajua mlango uko wapi. Ukikata pigo moja katikati ya sebene umewaangusha wachezaji wote ukumbini. Roki ya hesabu inaishi kwa kukata pigo hilo. Inakuahidi mzunguko ili iuvunje. Mbinu za kufumana zinafanana, nia zinapishana, na mtu anayezichanganya anazikosea heshima zote mbili.

"Uliisha na miaka ya tisini."

Slint walirudi jukwaani mwaka 2005. American Football walirudi 2014 na wametoa albamu zaidi tangu hapo, na mwaka 2023 wao, lebo yao Polyvinyl na washirika wengine waliinunua ile nyumba ya Urbana iliyo kwenye kava la albamu ya kwanza. Battles walitoa Juice B Crypts mwaka 2019 wakiwa wamebaki wawili tu, Williams na Stanier.

Kwa anayetaka kuanza: Never Meant kwanza, halafu Atlas, halafu Spiderland yote bila kuruka wimbo. Frame by Frame ivalie headphone, maana magitaa yale mawili yanahitaji masikio yote mawili. Hella ngoja kwanza mwezi mmoja.